Bougainville: walipiga kura ya uhuru kwa asilimia 98, lakini uamuzi uko mikononi mwa nchi wanayotaka kuiacha

Tarehe 11 Desemba 2019, katika mji wa Buka, matokeo ya kura ya maoni ya Bougainville yalitangazwa. Aliyeyasoma ni Bertie Ahern, waziri mkuu wa zamani wa Ireland, ambaye alikuwa mwenyekiti wa tume iliyosimamia kura hiyo. Watu 176,928 walichagua uhuru. Watu 3,043 peke yao walichagua kubaki ndani ya Papua Guinea Mpya wakiwa na madaraka makubwa zaidi ya kujitawala. Ukiacha kura zilizoharibika, hiyo ni zaidi ya asilimia 98. Ukumbini watu walilia na kuimba.

Miaka imepita tangu siku hiyo, na Bougainville bado si nchi. Haina kiti katika Umoja wa Mataifa wala pesa yake, na sehemu kubwa ya bajeti yake inatoka Port Moresby, mji mkuu wa Papua Guinea Mpya. Sasa viongozi wa kisiwa wametaja tarehe 1 Septemba 2027 kuwa siku ya uhuru. Serikali ya Port Moresby haijaikubali tarehe hiyo.

Inawezekanaje watu karibu wote wa eneo moja wapige kura upande mmoja, mbele ya wasimamizi wa kimataifa, na bado wasipate walichokichagua? Jibu liko katika mkataba wa amani uliomaliza mojawapo ya vita vibaya zaidi katika bahari ya Pasifiki tangu mwaka 1945. Mkataba huo ulisimamisha risasi kwa kuliahirisha swali kuu, na muda wa kuahirisha unakaribia kwisha.

Mpaka uliochorwa Ulaya

Bougainville ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika safu ya visiwa vya Solomon. Pamoja na Buka na visiwa vidogo vya jirani, eneo lake ni kama kilomita za mraba 9,400, na wakaaji wake ni karibu laki tatu. Wanazungumza lugha zaidi ya 20. Jina la kisiwa linatokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyepita hapo mwaka 1768.

Ukitazama ramani, utaona kwamba kutoka kusini mwa Bougainville hadi visiwa vya kwanza vya nchi ya Solomon ni safari fupi ya mashua. Kwenda Port Moresby ni karibu kilomita 1,000. Ndugu na jamaa wengi wako ng'ambo ya mpaka, katika visiwa vya Solomon. Hata ngozi yao, nyeusi sana, huwatofautisha na watu wengi wa bara la Papua Guinea Mpya, na wao wenyewe huitaja kama alama ya kuwa taifa tofauti.

Mpaka unaowatenga na ndugu zao ulichorwa na wazungu. Mwaka 1886 Ujerumani na Uingereza ziligawana eneo hilo. Mwaka 1899 zikabadilishana tena: Uingereza ikachukua baadhi ya visiwa vya Solomon, Ujerumani ikabaki na Bougainville na Buka. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Australia iliwafukuza Wajerumani na kushika utawala. Japani ilikivamia kisiwa mwaka 1942, na huko ndiko ndege ya amiri Yamamoto, mkuu wa majeshi ya majini ya Japani, ilikoangushwa na Wamarekani mwezi Aprili 1943. Vita vilipokwisha, Australia ilirudi.

Katika mabadilishano hayo yote, hakuna aliyewauliza wakaaji.

Shaba ya Panguna

Mambo yalianza kuharibika miaka ya 1960, shaba nyingi ilipogunduliwa katika milima ya Panguna, katikati ya kisiwa. Kampuni iitwayo Bougainville Copper Limited iliundwa. Mwenye hisa nyingi alikuwa kampuni iliyo leo Rio Tinto, na serikali ya Papua Guinea Mpya ilishika karibu asilimia 20.

Katika sehemu nyingi za Bougainville, ardhi hurithiwa kwa upande wa mama. Mwanamke ndiye mlinzi wa shamba, na hakuna anayeliuza kama bidhaa ya soko. Sheria ya wakoloni ilisema kinyume: mwenye kijiji ana juu ya udongo, lakini madini yaliyo chini ni mali ya serikali. Mwezi Agosti 1969, wanawake wa Rorovana, karibu na pwani, walisimama mbele ya mitambo iliyokuja kutengeneza bandari ya mgodi. Polisi waliwatawanya kwa virungu na gesi ya kutoa machozi, na habari hizo zikazua mjadala hata Australia. Kazi iliendelea hata hivyo.

Uchimbaji ulianza mwaka 1972. Panguna ikawa moja ya migodi mikubwa zaidi ya shaba ya wazi duniani. Katika miaka 17 ulitoa tani milioni 3 za shaba na tani 306 za dhahabu. Peke yake ulileta zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya bidhaa ambazo Papua Guinea Mpya iliuza nje. Nchi changa, iliyopata uhuru tarehe 16 Septemba 1975, ilijengwa kwa sehemu kubwa na shimo hilo.

Wenye ardhi je? Mrabaha ulikuwa asilimia 1.25 ya thamani ya madini yaliyosafirishwa, na wao walipewa asilimia 5 ya mrabaha huo. Kwa maneno mengine, kwa kila dola 1,000 za shaba, mrabaha ulikuwa dola 12 na nusu, na fungu lao lilikuwa kama senti 62. Hata ukijumlisha fidia na malipo mengine, yote waliyopata katika miaka hiyo 17 hayakufika asilimia 2 ya faida iliyogawanywa.

Uharibifu ulibaki kwao. Zaidi ya tani bilioni moja za mawe na tope la mgodi zilimwagwa katika mito ya Kawerong na Jaba. Samaki walipotea, mabonde yakajaa mchanga wa kijivu, mashamba ya kando ya mto yakazama. Vijiji vizima vilihamishwa. Wafanyakazi walikuja kwa maelfu kutoka bara, na wenyeji wakaanza kujiona wageni kwao.

Tayari tarehe 1 Septemba 1975, wiki mbili kabla ya uhuru wa Papua Guinea Mpya, viongozi wa Bougainville walikuwa wametangaza nchi yao, Jamhuri ya Solomon ya Kaskazini. Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua. Mwaka uliofuata walikubaliana na Port Moresby: Bougainville ipewe serikali ya jimbo, nayo iache madai ya kujitenga. Malalamiko kuhusu mgodi hayakutatuliwa.

Baruti, jeshi na mzingiro

Mwaka 1987 kizazi kipya cha wenye ardhi kiliwapindua wazee wa chama chao, kikidai kwamba wanakula na kampuni. Waliochukua uongozi ni Perpetua Serero na jamaa yake Francis Ona, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa mgodi huohuo. Walidai fidia ya kina bilioni 10, pesa ambazo zilizidi thamani ya mgodi wenyewe. Wataalamu waliotumwa kuchunguza madhara walipotoa maelezo yao mwezi Novemba 1988 bila kuilaumu kampuni kwa yote waliyoilaumu wanakijiji, Ona alitoka mkutanoni kwa hasira.

Siku chache baadaye, baruti iliibwa ghalani na nguzo za umeme wa mgodi zikaanza kulipuliwa. Tarehe 15 Mei 1989 Panguna ilifungwa. Haijafunguliwa hadi leo.

Serikali ilituma polisi, kisha jeshi. Vijiji vilichomwa na raia walipigwa. Mwezi Februari 1990 wanajeshi waliwaua raia kadhaa, akiwemo mchungaji wa kanisa, na maiti zao zikatupwa baharini kutoka helikopta. Helikopta hizo zilikuwa zimetolewa na Australia. Ukatili huo uliwasukuma watu wengi kumuunga mkono Ona, hata wale ambao hawakuwa na shida na mgodi. Ugomvi wa fidia uligeuka kuwa vita vya uhuru.

Mwezi Machi 1990 jeshi liliondoka na serikali ikafunga njia zote za kisiwa. Meli na ndege zilizuiwa, hata zenye dawa. Tarehe 17 Mei 1990 Ona alitangaza uhuru kwa mara ya pili katika historia ya kisiwa. Dunia ilikaa kimya tena.

Mzingiro huo uliua watu wengi kuliko risasi katika vijiji vingi. Malaria na uzazi vilirudi kuwa hukumu ya kifo. Vijana walivuka usiku kwa mashua hadi visiwa vya Solomon kutafuta dawa, na wengine hawakurudi. Waliobaki walijifunza kuishi kwa walichonacho: magari yaliendeshwa kwa mafuta ya nazi, umeme ulizalishwa mitoni kwa vyuma vilivyookotwa mgodini.

Kisa hiki hakieleweki kikisimuliwa kama vita vya kisiwa dhidi ya serikali peke yake. Jeshi la waasi, lililojulikana kwa kifupi kama BRA, halikuwa na nidhamu moja. Vikundi vyake viliiba, vikabaka na kulipiza visasi vya koo. Kaskazini na kusini watu waliunda wanamgambo wa kujilinda, wakapewa silaha na jeshi la serikali. Hao waliitwa Resistance. Kuanzia hapo, wengi waliouawa waliuawa na jirani zao. Theodore Miriung, wakili aliyeongoza serikali ya mpito na kutafuta maridhiano kati ya pande zote, alipigwa risasi tarehe 12 Oktoba 1996 akiwa na jamaa zake nyumbani.

Makadirio yanataja kati ya watu 10,000 na 20,000 waliokufa kwa vita na mzingiro, katika kisiwa ambacho wakati ule hakikuwa na watu laki mbili.

Mamluki waliofupisha vita bila kupigana

Mwanzoni mwa mwaka 1997 waziri mkuu Julius Chan alikuwa amechoka kusubiri. Kwa siri, serikali yake ilisaini mkataba wa dola milioni 36 na kampuni ya Sandline ya Uingereza, iliyoongozwa na Tim Spicer, mwanajeshi wa zamani. Sandline ililetewa wapiganaji na Executive Outcomes, kampuni ya mamluki wa Afrika Kusini ambayo ilikuwa tayari imepigana Angola na Sierra Leone. Kazi yao: kuwaponda viongozi wa BRA na kuurudisha mgodi wa Panguna mikononi mwa serikali.

Mpango huo uliangushwa na mtu asiyetarajiwa. Mwezi Machi 1997, mkuu wa jeshi, brigedia jenerali Jerry Singirok, aliamuru mamluki wakamatwe na kufukuzwa nchini. Alisema ni aibu kuwalipa wageni mamilioni wakati askari wake hawana hata vifaa, na kwamba silaha hizo zingeua raia. Wananchi walijaa barabarani Port Moresby wakimuunga mkono. Chan alilazimika kukaa pembeni, na katika uchaguzi wa mwaka huo akapoteza kiti chake.

Tukio hilo lilimwonyesha kila upande kwamba hakuna atakayeshinda kwa bunduki. Jeshi lilikuwa limegawanyika na waasi walikuwa wamechoka. Mwezi Julai 1997 viongozi wa Bougainville wa pande zote walikutana katika kambi ya kijeshi ya Burnham, New Zealand, wakazungumza kwanza wao kwa wao. Mwezi Oktoba walikubali kusimamisha mapigano, na tarehe 30 Aprili 1998 usitishaji wa kudumu ulisainiwa Arawa.

Mashirika ya akina mama na makanisa yalikuwa yamekwisha kuifungua njia. Wanawake waliingia msituni kuwaita watoto wao watoke, wakiwaambia kwamba ardhi ni ya mama na mama amesema basi. Walinzi wa amani kutoka New Zealand, Australia, Fiji na Vanuatu walikuja bila silaha. Vijijini, maridhiano yalifanywa kwa mila: nguruwe, pesa za kombe, kutafuna tambuu pamoja, kuvunja mishale.

Mkataba uliosema ndiyo na hapana

Tarehe 30 Agosti 2001 mkataba wa amani ulisainiwa Arawa. Ulikuwa na nguzo tatu: Bougainville ipewe serikali yenye madaraka yake, silaha zikusanywe, na kura ya maoni kuhusu uhuru ifanywe kati ya miaka 10 na 15 baada ya serikali hiyo kuchaguliwa.

Kuhusu silaha, makubaliano yalikwenda kwa hatua. Bunduki zilifungiwa ndani ya makontena yenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa kamanda, mwingine kwa Umoja wa Mataifa. Baadaye ziliharibiwa. Si zote zilitoka. Ona alikataa kuingia katika mkataba na alibaki Panguna na watu wake hadi alipofariki mwezi Julai 2005. Hata hivyo ilitosha kwa uchaguzi wa kwanza mwaka huohuo, ambapo Joseph Kabui, aliyekuwa upande wa waasi, alikuwa rais.

Sehemu nzito ya mkataba ni nguzo ya tatu. Wajumbe wa Bougainville walitaka kura ya uhuru. Wajumbe wa serikali hawakutaka hata kusikia neno hilo. Walichokubaliana ni hiki: kura itafanyika, na uhuru utakuwa moja ya chaguo, lakini matokeo hayatakuwa na nguvu yenyewe. Serikali mbili zitashauriana, kisha Bunge la taifa la Papua Guinea Mpya litatoa uamuzi wa mwisho.

Kila upande ulirudi nyumbani ukiwa na kitu cha kuwaonyesha watu wake. Bougainville ilisema: tumepata kura. Port Moresby ilisema: nchi haijagawanyika, Bunge ndilo linaloamua. Bila utata huo, huenda mkataba usingesainiwa kabisa, na vita vingeendelea. Miaka 15 ilionekana mingi. Wengi katika serikali walitumaini kwamba barabara, shule na hospitali zingewafanya watu wa kisiwa wabadilishe mawazo. Maendeleo hayo yalikuja polepole mno, na mawazo hayakubadilika.

Kura ilipofika, kuanzia tarehe 23 Novemba hadi 7 Desemba 2019, asilimia 87 ya walioandikishwa walijitokeza. Wengi walikuja wakicheza na kupuliza mianzi. Wapiganaji wa zamani wa BRA na wa Resistance walisimama mstari mmoja.

Hoja za Port Moresby

Ni rahisi kuiona Papua Guinea Mpya kama mnyang'anyi wa kura. Hoja zake hata hivyo zinastahili kusikilizwa.

Nchi hiyo ina lugha zaidi ya 800. Haikuzaliwa kutokana na taifa moja, na kinachoishikilia ni katiba na imani kwamba mipaka haiguswi. Waziri mkuu James Marape, aliye madarakani tangu mwaka 2019, amerudia kusema kwamba uamuzi kuhusu Bougainville utakuwa mfano kwa majimbo mengine. Majimbo kama New Ireland na East New Britain yanadai madaraka zaidi, na pia yana utajiri wake. Kwa mtu wa Port Moresby, kuiachia Bougainville ni kufungua mlango ambao hajui nani mwingine atapita.

Pia kuna suala la kisheria. Mkataba wa 2001 uliingizwa katika katiba, na katiba inasema neno la mwisho ni la Bunge. Serikali inasema inafuata kile ambacho Bougainville yenyewe ilisaini.

Bougainville inajibu kwamba kushauriana kuhusu matokeo hakumaanishi kuyafuta. Kwa maoni ya viongozi wake, mazungumzo yanahusu namna na wakati wa uhuru, na swali la kama utakuwepo limekwisha kujibiwa na watu. Ishmael Toroama, kamanda wa zamani wa BRA aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 2020 na kuchaguliwa tena mwaka 2025, hajawahi kuondoka katika msimamo huo.

Mwaka 2021 pande mbili zilikubaliana kwamba suluhisho lipatikane si kabla ya mwaka 2025 na si baada ya 2027. Kisha zikakwama kwa miaka kadhaa katika swali linaloonekana dogo: Bunge likipiga kura, ihitajike wingi wa kawaida au theluthi mbili? Kwa kweli hilo ndilo swali lote. Kwa wingi wa kawaida uhuru unaweza kupita, lakini kwa theluthi mbili kundi dogo la wabunge linaweza kuuzuia. Ilibidi aitwe Jerry Mateparae, gavana mkuu wa zamani wa New Zealand, awe msuluhishi. Mwezi Juni 2025 walirudi Burnham, palepale walipoanzia amani, wakasaini makubaliano mengine kuhusu njia ya kulifikisha jambo hilo Bungeni.

Shimo lililobaki

Hata Bunge likisema ndiyo kesho, liko swali la pili: nchi hiyo mpya itaishi kwa nini? Kakao na nazi huwalisha wakulima lakini haziwezi kulipa walimu, waganga, polisi na mabalozi. Macho ya viongozi yanarudi palepale, Panguna. Kampuni inakadiria kwamba bado kuna tani milioni 5.3 za shaba chini ya mlima, wakati ambapo dunia inaitafuta shaba kwa ajili ya magari ya umeme na nyaya.

Mwaka 2016 Rio Tinto ilijitoa na kugawa hisa zake bure kwa serikali mbili. Ilisema wakati ule kwamba ilifuata sheria zote zilizokuwepo hadi 1989, hivyo haina deni la kusafisha. Mwaka 2020 wakaaji 156 waliishtaki kwa malalamiko rasmi nchini Australia, wakisaidiwa na shirika la kutetea haki za binadamu. Kampuni ilikubali kugharamia uchunguzi huru. Ripoti yake ya kwanza, iliyotoka mwezi Desemba 2024, ilionyesha hatari za kweli kwa maisha: mafuriko, maporomoko ya ardhi, na majengo ya zamani yanayoweza kuanguka. Wakati huohuo maelfu ya wakaaji wamefungua kesi nyingine ya kudai fidia.

Serikali ya Toroama inasema safari hii mambo ni tofauti. Sheria ya madini ya mwaka 2015 inawapa wenye ardhi umiliki wa madini na haki ya kukataa. Port Moresby nayo ilikubali kuiachia Bougainville hisa zake katika kampuni. Mwaka 2024 kampuni ilipewa upya kibali cha uchunguzi cha miaka mitano.

Walakini uchunguzi si uchimbaji. Kuufufua mgodi kutahitaji mabilioni ya dola na miaka mingi, na hakuna pato litakalofika kabla ya Septemba 2027. Na wenye ardhi hawana sauti moja: wapo wanaosema mgodi ndio utakaolipia uhuru, na wapo wanaosema hawakuzika watoto wao ili shimo lifunguliwe tena, hata likiwa chini ya bendera yao wenyewe.

Mara ya tatu

Tarehe iliyochaguliwa haikuokotwa. Septemba 1 ndiyo siku ileile ya mwaka 1975, Bougainville ilipotangaza uhuru kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza na ya pili, mwaka 1990, kisiwa kilitangaza peke yake na hakuna aliyekitambua. Viongozi wa leo wanakijua kisa hicho vizuri, maana baadhi yao walikuwepo. Ndiyo sababu wamevumilia mikutano isiyokwisha: uhuru uliopitishwa na Bunge la Papua Guinea Mpya utafungua milango ya Umoja wa Mataifa, ila uhuru wa kujitangazia unaweza kuishia kwenye hotuba na bendera.

Lakini Bunge hilo nalo lina kalenda yake. Mwaka 2027 ni mwaka wa uchaguzi mkuu Papua Guinea Mpya, na ni vigumu kwa mbunge anayeomba kura nyumbani kwake kuinua mkono ili nchi ipoteze jimbo.

Mkataba wa 2001 hausemi lolote kuhusu kitakachofuata Bunge likikataa. Mwaka 2001 ukimya huo ulisaidia. Sasa ndio hatari kubwa zaidi, kwa sababu kila upande umeujaza kwa matumaini yake. Vijana wa Bougainville waliopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2019 hawakuviona vita. Walifundishwa kwamba wazazi wao waliweka chini bunduki ili sanduku la kura lizungumze. Wakiambiwa kwamba sanduku lilizungumza bure, itakuwa vigumu kwa mzee yeyote, hata aliyekuwa kamanda, kuwaeleza kwa nini bunduki zilisalimishwa.

Kwa miaka zaidi ya 20 pande zote mbili zimetimiza jambo moja ambalo nchi nyingi zenye migodi na waasi zimeshindwa: hazijarudi vitani. Wabunge wa Port Moresby watakapokaa kupiga kura, watakuwa wanaamua pia kama ahadi iliyotolewa kwa watu waliosalimisha silaha ina thamani.